Laini ya Nyumbani

Basi lilishapiga honi pale mpakani, na Nyamizi bado alikuwa ameng'ang'ania simu yake mbele ya meza ya binti muuza laini.

“Mama, simu yako inaingia laini moja tu,” binti alisema. “Ukitaka bando la huku, lazima nitoe hiyo ya kwenu.”

“Sasa Shija akipiga je? Mwanangu alipopotea, namba aliyokuwa nayo kichwani ni hii tu.”

“Bando ni la nini, basi?”

“Rafiki yake yuko huko mbele. Atanielekeza kwa wasapu walikomwona.”

Binti aliichukua simu, akaikagua. “Mbona hii haisomi mtandao kabisa? Tangu lini?”

Nyamizi alitazama pembeni. “Tangu mpaka wa kwanza.”

 Binti alimwomba hereni moja, akaichomeka kwenye kitundu cha simu, laini ikatoka. Mpya ilipoingia, simu ilitetemeka: karibu nchini.

Ndani ya basi, Nyamizi aliifumbata laini ya nyumbani. Kila mara alifumbua kiganja, akaitazama, kisha akaisogeza kwenye sikio lisilo na hereni.