Uchafu wa Nungunungu

Nungunungu alipenda usafi hadi akaugombania. Siku moja, akilima shamba la ulezi wa kulisha wanawe kiangazi, aliona nyuzi nyeupe za kuvu zimetanda udongoni.

"Uozo gani huu!" akafoka. Akaukomba udongo wote wa juu, akautupa ng'ambo ya ua, kwa Fuko.

"Jirani, nyuzi hizo hushikana na mizizi, zikaivutia maji na chakula," Fuko akamwambia.

"Shamba langu halipangishwi kwa kuvu! Kaa nazo wewe, mpenda matope."

"Ahsante, basi," akasema Fuko, na papo hapo akapanda ulezi juu ya udongo ule.

Mvua zikawa haba. Ulezi wa Nungunungu ukadumaa, ukageuka manjano. Wa Fuko ukainama kwa uzito wa masuke. Watoto walipoanza kulilia uji, Nungunungu akabisha hodi kwa jirani, kikapu mkononi, miiba imemsimama.

"Karibu. Umekuja kuomba ulezi?"

"Mimi siombi!" akang'aka. Kisha sauti ikamshuka. "Nimekuja kuchukua uchafu wangu."

Fuko akacheka, akamjazia kikapu, udongo chini, ulezi juu. Siku hiyo Nungunungu alikunywa uji wenye mchanga, wala hakufoka.