Kisima cha Sadaka

Asubuhi Bwana Famau, msimamizi wa usafi wa mji, alimimina nili, rangi ya kufulia nguo, katika shimo la choo cha Mwana Tumu. Alasiri akateka maji kisimani, hatua chache tu kutoka chooni, na maji yakatoka ya buluu.

"Kifukiwe," alisema. "Ndiyo amri ya wazee wa mji. Kuhara kunamaliza mtaa."

Mwana Tumu aliyatazama maji. Kisima kile alikichimbisha kiwe sadaka ya mwanawe aliyefariki, na kila aliyeteka alimwombea marehemu kabla ya kunywa.

"Kumbe!" jirani yake, Mwana Esha, alifoka kutoka mlangoni. "Tunakunywa choo chako, na dua juu!"

"Muogope Mungu, Mwana Esha," Famau alimkanya. "Mwenzio alitafuta thawabu."

"Na mimi nawatafuta wajukuu zangu niliowazika."

Mwana Tumu alingoja machozi, hayakuja. Alihisi tu ubaridi wa sakafu nyayoni.

"Nia yako Mungu anaijua, mama," Famau alimwambia taratibu. "Sadaka haifukiwi."

"Na hao waliokunywa wakafa," Mwana Tumu aliuliza, "nao walikuwa wamekwisha kumwombea mwanangu?"

Famau akawaashiria wachimbaji aliokuja nao. Mwana Tumu akawatangulia. Alichota udongo kwa viganja, akautupa kisimani, akainama kusikiliza hadi ulipogusa maji. Akachota tena.

Mwana Esha alisogea ukingoni. Naye akachota udongo, akasimama nao mkononi, kama alivyosimama makaburini kwa wajukuu zake.