Mlango wa Ziada

Korongo alikuwa amekwama. Kichwa na shingo vilikuwa ndani ya shimo la nungunungu, tumbo limebana mlangoni, na miguu yake mirefu ilibaki nje ikipunga hewani. Msafiri huyu, aliyekwisha kulala juu ya mapaa ya nusu ya dunia, alikuwa amejipenyeza humo kukagua kazi yake mwenyewe.

Maana juma lililopita aliwafundisha nungunungu kuendesha nyumba bila upotevu. "Milango miwili ya nini, jamani?" aliwauliza. "Huu wa nyuma hampiti, ila kila siku mnaufagia. Huko nilikopita mimi wangewacheka!" Nungunungu, waliokwisha kuchoka na ufagio, wakashangilia, wakaujaza udongo na kuushindilia ukawa mgumu kama sakafu.

Sasa pua baridi ilimgusa Korongo mguuni. Kisha mwenye pua akacheka.

"Fisi!" Korongo alipiga yowe. "Bi Nungunungu, dada yangu, si ulisema akija mnamzunguka kwa nyuma mkamchoma miiba?"

"Ndivyo tulivyokuwa tukifanya."

"Basi tokeni, mama! Mnangoja nini?"

"Tutokee wapi, Bwana Mtaalamu? Kule kuna udongo wako, huku kuna tumbo lako."

"Chimbeni!"

"Tunachimba. Ni kazi ya kutwa nzima."

"Na mimi kutwa nzima nifanye nini?"

Bi Nungunungu alishusha pumzi.

"Piga mateke."