Mzee Mazengo Anasimama

Debora alikuza pua ya Mzee Mazengo mpaka ikajaa kioo chote cha kompyuta. Ikageuka miraba kumi na miwili ya kahawia, na mmoja wa kijani ambao hata yeye hakujua umetoka wapi.

"Unaona, mzee? Hii haichapiki."

"Kwenye simu si inaonekana vizuri tu?"

"Kwenye simu umekaa padogo, pikseli, yaani hii miraba, zimebanana. Picha yako ina pikseli mia mbili na arobaini tu kwa upana. Nikizitandaza kwenye bango la mita mbili, kila moja inakuwa kubwa kama punje ya hindi."

Mzee alikuwa ametoka Kongwa na basi la alfajiri hadi duka hili la uchapaji la Chimwaga, na hakuwa tayari kurudi mikono mitupu. Picha yenyewe ilikatwa kutoka picha ya harusi ya binti yake. Alikuwa mstari wa nyuma kabisa, amenuna vibaya, kwa kuwa dakika ile ndipo alipoambiwa pilau imeisha.

"Nasimama Jumamosi," alisema. "Lazima niwe nalo hilo bango."

Debora alikuwa amechapa nyuso za wagombea mwezi mzima, mpaka anaziota. Chama kilikuwa kwenye uchaguzi wake wa ndani, na Dodoma nzima kila mwenye shati jeupe alikuwa anasimama.

"Safari iliyopita ilikuwaje?"

"Sikujiandaa, binti yangu. Walinimaliza shina kwa shina. Nikishindwa tena, sijui nyumbani tutakula nini."

Mjomba wake Debora ni balozi wa shina la chama, kwa hiyo hayo hayakuhitaji kufafanuliwa. Alimwonea huruma kweli. Hangekubali mzee wa watu ashindwe kwa sababu ya pikseli.

Akatoa kamera ya duka, yenye pikseli elfu nne kwa upana, akamkalisha mzee kwenye stuli. Lakini kila mzee alipojaribu kununa, kicheko kilimponyoka. Picha ikatoka safi, kila unywele mweupe unahesabika, na tabasamu limefika masikioni.

"Hii sasa ndiyo picha!" alisema Debora.

"Hapana. Hii itawakaribisha."

"Kwani si vizuri, mzee?"

"Weka ile ya pilau. Nataka waniogope."

Wapo wa namna hiyo, Debora aliwaza, na wengine hushinda. Akajaribu njia ya mwisho.

"Watakuangalia kutoka umbali gani?"

"Mbali. Wanakuja kwa makundi, asubuhi mapema."

"Basi afadhali. Kwa mbali ile miraba inaungana, inakuwa uso. Chini tuandike nini? Jina na nafasi?"

"Usiandike kitu. Hawasomi."

Debora alicheka mpaka akashika meza. Wagombea wote aliowachapa waliwaza hivyo hivyo, ila hakuna aliyewahi kulisema waziwazi. Akalichapa bango. Lilipotoka kwenye mashine, mzee alirudi nyuma hatua kumi, akajitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye kona ya chini, ambako huweka jina la duka, safari hii Debora aliacha patupu. Aliona aibu.

Wiki mbili baadaye matokeo yalikuwa yametangazwa kila mahali. Debora alivumilia mpaka saa nne asubuhi, kisha akapiga simu.

"Shikamoo, mzee. Vipi, umepata wangapi?"

"Marahaba. Hata mmoja!"

Debora aliikumbuka ile pua, na ule mraba wa kijani.

"Pole sana, mzee wangu. Ningeikataa tu ile picha."

"Pole ya nini? Tangu nisimame pale shambani, hajatua hata ndege kwelea mmoja! Wote wamehamia kwenye mtama wa jirani yangu Sila. Naye yuko kwenye basi anakuja kwako, amenuna tayari."