Kamongo Asiyehama

Palikuwa na ziwa dogo, na ndani yake aliishi Kamongo, samaki wa kale anayepumua hewa kwa mapafu. Ukame ulipoanza, Sangara mwenye majivuno aliwaongoza samaki wengine wote kukimbilia mtoni.

"Mzee, baki ukaukie hapo!" akamcheka.

Kamongo akajichimbia topeni, akajikunja, akavumilia kiu na upweke kwa miezi tisa.

Mvua ikarudi, ziwa likajaa. Sangara akaingia kwa kishindo, samaki wengine wakimfuata, akatangaza, "Ziwa hili halina mwenyewe. Kuanzia leo ni langu!"

Tope likapasuka. Kamongo akachomoza, amekonda lakini mzima.

"Mwenyewe nipo, wala sikuhama. Toka nje, mwanangu, upige hodi."

Samaki wakashangilia. Sangara akarudi mtoni, akapiga hodi mara tatu, ndipo Kamongo akaitikia kwa furaha, "Karibu, mgeni."