Ramani Iliyolala Jangwani

"Hao wa wilayani ni mbumbumbu!" alifoka Dragomir, bosi wetu kwenye ofisi ya ramani pale Bukarest.

Zimamoto walikuwa kwenye simu. Mtaa mzima unadidimia, wanataka ramani ya mashimo ya zamani ya chumvi yaliyo chini yake. Tulipekua orodha za ramani za wilaya zote, tukaambulia patupu.

Kwenye kompyuta nikaacha kutafuta ndani ya mipaka ya Romania tu, nikatafuta dunia nzima. Ikatokea katikati ya jangwa la Arabuni. Mtu aliyeiorodhesha alibadilisha namba za mahali: ya kaskazini akaiandika penye mashariki, ya mashariki penye kaskazini.

"Punda gani huyo?" Bosi alicheka, kahawa ikamwagikia tai.

Niliwatumia zimamoto ramani na kuwaambia ilikolala, kisha nikasoma jina la aliyejaza fomu ya kuiorodhesha.

"Tumeipata," zimamoto wakasema. "Nani aliificha huko?"

Nikamsogezea Dragomir simu. "Jitambulishe, bosi."