Mwanya wa Mama Yake

Daktari alibandika picha ya eksirei kwenye taa ya ukutani. Mzee Shaibu akasogea. Juu ya meno ya binti yake Mwanahawa, jino moja la chonge lilikuwa limelala ndani ya ufizi kama mgeni aliyekosa kitanda.

"Halina pa kushukia," daktari alisema. "Tukiliacha litakula mizizi ya wenzake. Tutafunga waya, tuyakutanishe haya mawili ya mbele, ndipo tulivute."

"Yakutane kabisa?"

"Kabisa, mzee wangu. Mwanya utaziba."

Mzee aliyatazama meno ya mbele ya binti yake. Mwanya kama huo ndio uliomsahaulisha ndoo yake kisimani, siku marehemu mkewe alipomcheka kwa mara ya kwanza. Katika watoto wake, Mwanahawa peke yake ndiye aliyeurithi.

"Baba, kama hutaki tuache."

"Nani kasema sitaki? Mama yako angenichapa. Fungeni waya, daktari. Ila ngojeni kidogo." Akamgeukia binti yake. "Hebu nicheke."

"Nikucheke nini, baba?"

"Nimevaa shati kinyume njia nzima, nawe umeninyamazia."

Mwanahawa akalitazama shati, mabega yakaanza kumtikisika. Daktari akaweka koleo lake chini, akasubiri.